Albamu ya "82" ya Just a Band: uzoefu wangu baada ya kuisikiza mpaka mwisho

Wengi wetu tuliijua Just a Band, bendi ya Nairobi, kwa sababu ya Makmende, yule shujaa wa kubuni wa video ya wimbo wao "Ha-He". Mimi pia. Niliitafuta albamu ya 82 ili niwe na "Ha-He" kwenye simu, basi, na sikuwa na mpango wa kusikiza nyimbo nyingine. Sasa imekuwa ndiyo albamu ya Kenya ninayoirudia kuliko nyingine zote, na nyimbo zinazonirudisha ni zile ambazo hazikuwahi kuvuma. Kama hupendi kusoma maneno mengi, jibu langu ni hili: inunue, nzima. Usichukue wimbo mmoja ukadhani umeonja chungu chote.

Kwa ambao hawakuwepo, hawa ni vijana walioanza mwaka 2003 wakiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga ambaye wengi wanamwita Blinky Bill, Dan Muli na Jim Chuchu, kisha Mbithi Masya akaungana nao. Wakati ule redio za Nairobi zilikuwa za genge na kapuka, mitindo ya rap na dansi ya vijana wa mjini. Ukiingia matatu unakutana na Nonini au Jua Cali, ukishuka unaingia nyingine yenye ngoma za studio ya Ogopa Deejays. Sasa fikiria mtu anakuja katikati ya hayo na muziki wa elektroniki, sinthesaiza, midundo ya hausi, sauti zilizopitishwa kwenye kompyuta. Hakukuwa na kapu la kuwatia. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008, na ndani yake kuna "Iwinyo Piny", wimbo wa kuchezeka ulioimbwa kwa Kijaluo. Kwangu huo ndio ulioonyesha njia: kwamba muziki wa kompyuta unaweza kuongea kama watu wa nyumbani bila kuazima lafudhi ya mtu.

82 ikafuata mwaka 2009.

Nianze na "Ha-He" kwa kuwa ndiyo inayotafutwa. Ukiisikiza kwenye spika ya simu utapata nusu ya wimbo. Besi yote inamezwa, unabaki na sauti za juu zinazopigapiga, na utajiuliza watu walikuwa wanashangilia nini. Weka hedifoni za maana. Ndipo utasikia kwamba besi ndiyo inayotembea na kusimulia, hayo maneno mengine yanaifuata tu. Ni besi yenye maringo, ya mtu anayejua mtaa mzima unamwangalia. Ndiyo maana video ilikaa sawa juu yake: ilitengenezwa kwa mtindo wa filamu za Wamarekani weusi za miaka ya sabini, na jamaa wa Makmende anawashughulikia wahuni mmoja baada ya mwingine.

Hiyo video ilitoka Machi 2010 na ikawa jambo ambalo Kenya haikuwa imeliona bado mtandaoni. Makmende ni jina tulilolijua tangu utotoni, la yule mtoto anayejifanya shujaa uwanjani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wakaanza kutunga visa vya nguvu zake kama vile Wamarekani walivyotunga vya mwigizaji wa filamu za ngumi Chuck Norris, picha za majarida ya kubuni zikazunguka, na vyombo vikubwa vya nje vikaandika habari yake. Wengi huihesabu kuwa ndiyo mimu ("meme", utani wa mtandaoni) ya kwanza ya Kenya kusambaa kwa kiwango hicho. Nilifurahi sana kama Mkenya. Lakini kama msikilizaji naona ilidhulumu albamu, kwa sababu ukitaja Just a Band hadi leo mtu anakuonyesha ngumi na kucheka, wala hajui kuna "Usinibore".

Na "Usinibore" ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Niliipiga kwenye sherehe ya dada yangu, nyumbani kwetu, spika za kukodi zimewekwa barazani. Nilikuwa nimepanga nyimbo za bendi hii kadhaa mfululizo. Ilipokuwa inacheza "Huff + Puff", binamu yangu mmoja alinijia akauliza, "Hii ni ya Wazungu wa wapi?" Nikamwambia ni ya vijana wa hapa hapa. Hakuamini. Ikaingia "Usinibore", Kiswahili kikasikika, na nikaona watu waliokuwa wamekaa na sahani mapajani wanaanza kutikisa mabega. Shangazi yangu, ambaye kwa kawaida anasubiri rhumba ndipo ainuke, aliweka soda chini akaingia uwanjani akiwa na leso kiunoni. Hakujua ni muziki wa aina gani na hakuuliza. Alisikia mtu anasema kwa lugha yake kwamba asichoshwe, akakubaliana naye.

Hapo ndipo niliposhika nguvu ya hawa watu. Muziki wao unaingia kwa mlango wa mashine, lakini ucheshi, lugha na ile jeuri kidogo ni ya Nairobi kabisa. Hawakuwa wanaiga klabu za Ulaya. Walijirekodi wenyewe, wakajitengenezea video na michoro, wakaziweka mtandaoni, na mashabiki wakafanya kazi ya usambazaji. Leo kila msanii mchanga ana simu na anafanya hivyo, lakini mwaka 2009, intaneti yetu ikiwa ile ya kungojea video ijae kwanza ndipo uangalie, ilihitaji imani.

Kuna mambo ambayo sikuyapenda. Kiingereza ni kingi mno kwa bendi inayojua Kiswahili kinavyowasha watu. Kila zinapokuja beti za Kiswahili au Sheng nasikia wimbo unasimama wima, halafu unarudi kwenye Kiingereza na mimi narudi kukaa. Pia albamu haina mwendo mmoja: inakupandisha, kisha inakuletea kitu cha taratibu cha kuwaza, na kama ulikuwa jikoni unakata vitunguu kwa mdundo utajikuta umesimama na kisu. Nikiwa peke yangu usiku napenda hayo mageuzi. Kwenye sherehe, panga orodha yako mwenyewe.

Kuhusu sauti yenyewe, nimeisikiza kwa hedifoni, kwa spika za gari na kwa hizo za barazani. Kwenye gari ndiko inakokaa vizuri zaidi, hasa jioni. Hedifoni zinakupa vitu vidogo vidogo ambavyo spika zinaficha: sauti za nyuma zinazonong'onezana, makofi yaliyowekwa upande mmoja tu wa sikio. Ukitumia bando, pakua kwa ubora wa juu ukiwa kwenye waifai, maana muziki wa namna hii ukibanwa sana besi ndiyo ya kwanza kuharibika.

Wanaouliza waanzie wapi: anza na 82, rudi nyuma kwa "Iwinyo Piny", kisha nenda Sorry for the Delay ya mwaka 2012. Hiyo ya tatu ni safi zaidi kiufundi na "Probably for Lovers" iliyomo ni nzuri kupita kiasi, ila kwangu ile njaa ya 82 imepungua. Baada ya hapo kila mmoja alishika lake. Jim Chuchu yuko na kikundi cha wasanii cha The Nest, Mbithi Masya aliongoza filamu ya Kati Kati iliyopata tuzo ya wahakiki kule Toronto mwaka 2016, na Blinky Bill alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Ukipenda 82 utaipenda na hiyo ya Blinky, ingawa hip-hop imeongezeka.

Nani asiisumbukie? Anayetaka nyimbo za mapenzi za kuimba kwa sauti kubwa bafuni, au anayetaka mdundo uleule saa nzima. Wengine wote, hasa nyinyi mnaoniambia kila mara kwamba muziki wa elektroniki si wetu, nipeni jioni moja tu na hedifoni nzuri. Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeizuia kwa ajili ya Kiingereza, na wakitoa albamu nyingine, safari hii ya Kiswahili kitupu, nitawarudishia siku hiyo hiyo.