The Tale of the Princess Kaguya: mzee kampenda binti yake, ila hakumuuliza (uzoefu wangu)

Jamani hii muvi iangalieni. Nasema mapema kabisa kwasababu nikianza kuielezea najua ntaongea sana na wengine mtaishia njiani. Inaitwa The Tale of the Princess Kaguya, katuni ya Studio Ghibli ya Japani, ilitoka 2013, kaiongoza Isao Takahata na ndo ilikuwa filamu yake ya mwisho kuiongoza, akafariki 2018. Mi nimeicheki Netflix, filamu za Ghibli ziliwekwa kule mwaka 2020 kwa nchi nyingi tu na huku kwetu zipo, na tangu niione kuna vipande vinanijia hata nikiwa kwenye daladala naenda zangu kazini.

Hadithi yenyewe ni ya kale mno, Wajapani wanaisimulia kwa zaidi ya miaka 1000 na kila mtoto kule anaijua, kwahiyo sioni ubaya kuieleza hapa mpaka mwisho wake, ila kama hutaki kujua ruka hadi chini. Mzee mmoja mkata mianzi anaona chipukizi la mwanzi linang'aa, linafunguka, ndani yake kuna kibinti kidogo cha kutosha kiganjani kimevaa mavazi ya kifalme. Anakibeba mbio kwa mkewe, na mikononi mwa yule bibi kinageuka kichanga kabisa kinalia. Hawa ni wazee, hawajawahi kupata mtoto, bibi anatoka kwenda kumtafuta mama wa kumnyonyesha na njiani anagundua maziwa yanamtoka mwenyewe. Hapo hata dakika 15 sidhani kama zimefika na mi tayari nimeshakaa vizuri kwenye kiti.

Mtoto anakua kwa kasi ya ajabu, saa hii anatambaa kidogo anakimbia na watoto wa kijijini, wanaiba matikiti, wanaogelea, wanakimbiza ndege, na kuna kijana mkubwa wao anaitwa Sutemaru ambaye ndo rafiki yake wa karibu. Huku mzee akienda kukata mianzi anakuta dhahabu, siku nyingine anakuta vitambaa vya hariri vinafoka kwenye mwanzi kama maji. Sasa mzee anawaza, haya mali ya nini? Anaona mbingu inamwambia binti huyu apelekwe mji mkuu, ajengewe jumba, afundishwe adabu za kikabaila, aolewe na mkubwa. Anafanya yote hayo. Na anayafanya kwa mapenzi ya dhati kabisa, hapo ndo muvi iliponishika, maana ingekuwa rahisi sana kumchora mzee mwenye tamaa ya pesa halafu sisi tukamchukia na mambo yakaisha. Huyu hana tamaa. Anaamini hii ndo furaha ya mwanae, anahangaika jasho linamtoka, na katika kuhangaika kote huko hamuulizi mwenyewe anataka nini.

Kuna kipande mwanzoni mtoto ndo anajifunza kutembea. Watoto wa kijijini wanamwita huku wakipiga makofi, Takenoko, Takenoko, jina walilompa wao, na mzee kutoka upande wa pili anamwita Hime, yaani binti mfalme, kwa sauti inayozidi kupanda, anajichekesha, anatanua mikono, anaita mpaka sauti inakaribia kulia, na kale katoto kanageuka kanaanza kuja kwake hatua mojamoja, mzee uvumilivu unamshinda anakimbia anakanyakua anakakumbatia machozi yanamtoka. Ni kipande kifupi tu cha baba na mtoto. Lakini ukishajua mbele kuna nini unaona kila kitu kilikuwemo pale, binti anaitwa na pande mbili, na yule anayempenda kuliko wote anamvuta upande ambao baadae utamuumiza. Mi wazazi wangu wapo, wananipenda, nikafikiria mambo mengi sana hapo, na nadhani mtu yeyote aliyechaguliwa shule, akachaguliwa fani, akachaguliwa hadi mchumba kwa nia njema kabisa, atanielewa.

Tuje kwenye uchoraji sasa maana hapa ndo kuna kazi. Katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono zilitengenezwa kwa kutenganisha vitu, mandhari ya nyuma yanapakwa rangi nzito vizuri, watu wanachorwa pembeni kwa mstari msafi halafu wanawekwa juu yake, ndo maana wengi wetu tukiwa watoto tulikuwa tunajua kabisa ni jiwe lipi litaanguka, rangi yake haikufanana na mawe mengine. Hapa hakuna hiyo. Mtu, majani, anga, vyote vinaonekana vimetoka kwenye penseli moja na rangi ya maji ileile, mstari unanenepa hapa unakatika pale, na pembeni mwa picha karatasi imeachwa nyeupe tu. Wahusika ni kazi ya Osamu Tanabe, mandhari ni ya Kazuo Oga, na Takahata mwenyewe hakuwa mchoraji, fikiria mtu anaongoza filamu za katuni maisha yake yote na penseli wanashika wengine. Kuikamilisha ilichukua kama miaka 8 na yeni bilioni 5 hivi, ilikuwa itoke siku moja na The Wind Rises ya Hayao Miyazaki, mwongozaji mwenzake wa Ghibli, ikashindikana ikasogezwa hadi Novemba. Na mauzo ya kule Japani yalirudisha karibu nusu tu ya hizo pesa. Imenisikitisha kwa kweli.

Mwanzo niliona hiyo staili ni urembo tu, nikaja kushtuka kwenye ile sehemu ya kukimbia. Pale jumbani kunafanywa sherehe kubwa ya kumpa jina la Kaguya, siku kadhaa watu wanakula na kunywa, na binti amewekwa nyuma ya pazia peke yake. Walevi wanaanza kumsema, wanataka wamuone, wanamkejeli na baba yake kwamba hana ukabaila wowote, ni pesa tu. Binti ana ganda la kombe la baharini mkononi, analivunja. Halafu anatoka. Anapasua milango, nguo za hariri zinamvuka moja baada ya nyingine zinabaki barabarani, na hapo mchoro wenyewe unachanganyikiwa, ile mistari laini inakuwa ya mkaa, minene, imekwaruzwa kwa hasira, uso wake huuoni tena vizuri, mwezi uko juu, anabaki na nguo nyekundu ya chini na nyeupe anakata mapori kufa kupona. Yaani mchoraji na binti wote wamekasirika kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu cha hivyo kwenye katuni ya kompyuta, hata zile nzuri, kwasababu kule hata mtu akilia ngozi yake inabaki vilevile laini. Hapa hisia zinakula mstari wenyewe.

Na anafika kijijini anakuta Sutemaru na watu wake wamehama. Mchoma mkaa mmoja anamwambia itapita miaka kama 10 ndo watarudi, mlima unatakiwa kupumzika miti ipone, na ile miti inayoonekana imekufa kwa baridi inasubiri tu msimu wake. Basi ndo hivo, binti anarudi mjini na kuanzia pale anakuwa mtulivu, anafanya kila anachoambiwa, ananyonyolewa nyusi na meno yanapakwa rangi nyeusi kama wanawake wa kikabaila wa enzi zile. Mzee anafurahi mtoto ametulia. Mi nilikuwa nataka kupiga kelele.

Wanakuja wachumba watano, wakubwa watupu, kila mmoja anamfananisha na hazina isiyopatikana, tawi la vito, vazi la panya wa moto, kito cha shingoni mwa joka, bakuli la mawe la Buddha, na kauri ya mbayuwayu, na binti anawaambia vizuri, kaleteni basi hizo hazina. Nyie wa pwani mtacheka kidogo hapo kwa kauri, maana sisi tunaziokota ufukweni, huku mwenzetu anapanda dari kuitafuta kwenye kiota. Ila kicheko kinakatika maana huyo wa kauri anaanguka anafariki. Binti akisikia anaenda kwenye kibustani chake alichokitengeneza kifanane na kijijini kwao, anakivunja chote, anasema kila kitu hapa ni cha uongo na yeye mwenyewe ni wa uongo.

Mama yake ndo alikuwa anamtunzia hicho kibustani. Yule bibi nampenda sana, hapigi kelele, hashindani na mumewe, ila ndani ya lile jumba la kifahari amejitengea sehemu ya nyuma ya kupikia na kufuma, na ni yeye peke yake anayemtazama binti usoni kabla ya kuongea. Mzee naye sauti yake ina uzito wa pekee. Walirekodi sauti kwanza ndo wakachora kwa kuzifuata, na Takeo Chii aliyeigiza mzee alifariki 2012, muvi haijatoka. Ukimsikia akiita binti yake ukiwa unajua hilo inakuwa ngumu kidogo.

Mfalme mkuu wa nchi naye anakuja, anamkumbatia kwa nyuma bila ruhusa, na binti kwa hofu ile anauita mwezi umchukue. Ndo anakumbuka kumbe alitokea huko. Watu wa mwezini wanakuja juu ya wingu na muziki wa Joe Hisaishi, na muziki ule ni wa furaha, wa kuchezeka, hapo ndo alipotumaliza, mwanangu anachukuliwa na ngoma inachezwa. Wanamwambia njoo ukasafishwe na uchafu wa dunia, na ye anageuka anawajibu kwamba dunia haina uchafu, anaanza kuitetea, na katikati ya maneno wanamvalisha vazi la kumsahaulisha yote ya duniani. Hamalizi sentensi. Wazee wanabaki wameshikana pale chini wanaomba radhi. Nililia bila kujizuia na sioni haya kusema.

Sasa kasoro, maana zipo. Sehemu ya wachumba ni ndefu, muvi nzima ni dakika 137 na pale katikati nilianza kuisikia hiyo urefu. Na kile kipande Kaguya anakutana tena na Sutemaru wanapaa angani, kwa uzuri hakuna wa kubisha, ila Sutemaru ana mke na mtoto mdogo tayari na yuko radhi kuwaacha papohapo, hakuna anayewafikiria. Kwenye filamu inayolalamika watu hawaulizwi, yule mke alistahili angalau kutazamwa. Hilo sijalikubali mpaka sasa.

Watoto wadogo sana wataboreka, mi ningesema kuanzia miaka 10 na kuendelea tena mkae nao, maana maswali yatakuja. Usiiangalie kwenye simu, ile mistari myembamba inapotea, tafuta laptopu au tv hata ya kuazima, na kama bando ni la mawazo ishushe kwanza ndo uangalie. Chagua sauti ya Kijapani, ya Kiingereza si mbaya ila utamkosa yule mzee. Kisha majina yakianza kupanda usizime, wimbo wa Kazumi Nikaido ndo unaanza hapo.