TAHADHARI: tapeli anauza vunjajungu wa chuma "wa Meiji", nimepigwa yeni 85,000

Wakuu habari, hasa nyie mlioko huku Japani na mnaopenda vitu vya kale. Naandika hasira bado iko juu so mtanivumilia.

Kuna sanaa inaitwa jizai okimono, wadudu na nyoka na majoka ya madini ambayo kila kiungo kinacheza. Waanzilishi ni mafundi wa ukoo wa Myochin waliokuwa wanafua mavazi ya vita ya masamurai, enzi za Edo (1603 hadi 1868) vita vikaisha oda zikakauka ndo wakageukia huku. Joka la Myochin Muneaki la 1713 lipo makumbusho ya taifa pale Ueno, Tokyo, nililiona nikasimama kama mjinga, kucha zinacheza, mwili unajikunja. Na fani haijafa, Haruo Mitsuta anatengeneza wadudu wa shaba na brasi saizi ile ile ya mdudu mwenyewe. Sasa ugonjwa ulinianzia hapo.

Jamaa akaweka vunjajungu kwenye app ya kuuziana vitu, anasema chuma, Myochin, wa Meiji (enzi iliyofuata Edo, 1868 hadi 1912). Picha kali balaa. Akaniambia tutoke kwenye app tumalizane inboksi, nitume benki moja kwa moja atanipunguzia, na mimi na tamaa zangu nikatuma. (Bibi alishatuambia vunjajungu haguswi, utavunja vyungu. Mimi nimevunja akaunti.)

Mzigo umefika nikajua nimeliwa kabla sijamaliza kufungua. Sumaku haishiki hata kidogo! Shaba haishiki sumaku na kuna jizai halali za shaba kibao, ila huyu kasema CHUMA. Halafu tumboni kuna mstari wa kalibu kabisa, yaani kamiminwa kama toi, wakati kazi yenyewe vipande vinafuliwa kimoja kimoja. Miguu imeunganishwa na viringi vya waya, ukimnyanyua inaning'inia yote, jizai nzuri ukiuweka mguu unabaki ulipouweka. Sahihi imechorwa juu ya rangi, sanduku la mbao halina maandishi yoyote. Nikatafuta zile picha kwa gugo, zimeibiwa kwenye katalogi ya mnada.

Nilipomuuliza akasema chuma cha zamani "kinapoteza sumaku", nikamwambia chuma ni chuma hata kikae miaka 300, akaniblok.

Ameshabadili jina mara mbili ila picha ni zile zile, vunjajungu kwenye kitambaa cha zambarau, na sasa ameongeza kereng'ende na nyigu. Ukimuona usitume hela nje ya app hata akupe nusu bei, muombe video anakunja mguu mmoja mmoja huku sumaku iko pembeni. Kama ameshakupiga, 188 ni namba ya malalamiko ya wateja na #9110 ni ushauri wa polisi. Mimi nimepiga zote mbili, wakaniambia nitunze risiti ya benki na skrinshoti, bahati nzuri sikufuta kitu.

Mdudu mwenyewe yuko juu ya friji, mguu wa kushoto umeshang'oka.