Kutoka Tahoe kwenda Expedition Max: tela, mlima na kilo za mama mkwe

Niwaeleze kwanza gari langu lina kazi gani. Tunaishi Aurora, pembeni ya Denver, na mimi na mke wangu tunapikia watu: harusi, hitma, mahafali, mechi za kiangazi za vijana wetu. Jumatatu hadi Ijumaa gari linapeleka watoto wanne shule. Jumamosi linafungwa tela la ekseli mbili (mihimili miwili ya magurudumu), futi 14, ndani mna majiko ya gesi, mahema, meza na viti mia moja vya kukunja. Safari yenyewe inaweza kuwa ya mtaa wa pili, au ya Grand Junction, kilomita karibu 390, ng'ambo ya Milima ya Rocky. Gari ni hilo hilo moja, maana bima ya la pili sina ubavu nayo. Kwetu Tanga lingeitwa shangingi na kadi za michango zingemiminika. Hapa ni chombo cha kazi.

Nilivuta kwa Chevrolet Tahoe ya 2016 miaka mitano. Sasa ni mwaka na nusu niko kwenye Ford Expedition Max ya 2019. Zote nilizinunua mkononi mwa watu.

Tahoe niliipenda, niseme ukweli. Injini ya V8, yaani silinda nane, lita 5.3, nguvu za farasi 355, haina tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), haina mambo mengi. Barabara ya I-25 kuelekea kusini ilivuta tela kama haina habari. Shida ilikuwa mlima, na hapo lawama si ya gari. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama Mungu alivyoiweka, na ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi. Kanuni ya mafundi ni kwamba unapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Denver iko mita 1,600 juu ya bahari. Handaki la Eisenhower, ambalo lazima ulipite ukienda magharibi kwa I-70, liko mita 3,400. Piga hesabu mwenyewe: ukifika pale, theluthi ya wale farasi umeshawaacha njiani.

Ndivyo ilivyokuwa. Giaboksi la gia 6 linashuka gia baada ya gia, mshale wa mizunguko unapanda, ndani hakuna anayemsikia mwenzake. Mimi nimejipanga njia ya kulia nyuma ya malori, taa za hatari zinawaka, mwendo kilomita 65 kwa saa. Watoto walishazoea, tukifika Georgetown wenyewe walikuwa wanazima muziki. Gari halikuchemsha hata siku moja wala kuniacha njiani. Ila ukishuka upande wa pili mabega yamekakamaa kama wewe ndiye uliyekuwa unavuta.

Expedition nilipofungua boneti nikaona V6, silinda sita tu, lita 3.5, nilicheka. Gari la urefu wa mita 5.64 na injini kama hiyo! Sikuwa nimezihesabu tabo mbili. Namba zake ni farasi 375, ambao si wengi sana kuliko wa Tahoe, lakini nguvu ya kusokota ni Nyutoni-mita 637 dhidi ya 519, na inapatikana mapema bila kuipigia injini kelele. Tabo inaisukumia injini hewa kwa nguvu, kwa hiyo kule juu haipungukiwi kama ile nyingine. Gia ni 10. Safari ya kwanza na tela lile lile, mlima ule ule, nilipanda kwa kilomita 90 kwa saa, mshale unacheza kwenye elfu tatu na kitu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kutusalimia na bado yupo, alikuwa amesinzia. Aliamka tukiwa ndani ya handaki akauliza kama kumeshaingia Magharibi.

Mteremko ni habari nyingine. V8 ilikuwa inanishikilia zaidi kwa injini. Hii, hata nikibonyeza kitufe cha kuvutia tela ili giaboksi lishuke gia lenyewe, naigusa breki mara nyingi kuliko zamani. Si tatizo kama breki za tela zako ni nzima na umezirekebisha vizuri. Kama si nzima, usiende milimani, hata kwa lori.

Na msidanganywe na "injini ndogo inakula kidogo". Bila tela, sawa, napata kama kilomita 8.5 kwa lita barabara kuu, na Tahoe ilikuwa inanipa 7.5. Ukishafunga tela, tabo zinaanza kunywa na zote mbili zinaishia kilomita 4 kwa lita, ikivuma upepo pungufu ya hapo.

Starehe ndipo mke wangu aliposhinda hoja. Tahoe za kizazi kile, hadi za 2020, nyuma zina ekseli moja nzima kama ya pikapu. Ni imara, lakini inalazimisha sakafu ya nyuma inyanyuke, na anayekaa siti ya tatu magoti yanamfikia kidevuni. Kijana wangu mkubwa ana miaka 14 na miguu ya mchezaji wa kikapu. Kila safari kabla ya kuondoka palikuwa na kesi ya nani akae nyuma. Expedition tangu 2003 kila gurudumu la nyuma lina springi na mkono wake peke yake, sakafu iko chini, na kwenye matuta mkia haurukiruki. Kesi zimekwisha. Sasa wanagombea siti ile ile ya nyuma kwa sababu ina sehemu yake ya kuchajia simu. Buti nyuma ya siti ya tatu ni zaidi ya lita 900. Tahoe yangu ilikuwa na kama 430, yaani masufuria mawili makubwa na mfuniko wa tatu ukipachikwa ubavuni.

Kuna pia kile kinobu cha kurudishia tela nyuma. Aliyewahi kupiga rivasi na tela anajua: ukitaka tela liende kulia, usukani unaupeleka kushoto, na ubongo unagoma. Hapa ukishapima tela na kuingiza vipimo, unazungusha kinobu upande unaotaka tela liende, usukani unajizungusha wenyewe. Mimi nilikiona cha watoto. Mke wangu alikijaribu mara moja kwenye uwanja wa kanisa, akaingiza tela kati ya nguzo mbili mbele ya wazee wa kamati, na tangu siku hiyo anayeegesha tela ni yeye.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Aliyeniuzia Expedition, yard siitaji, alikuwa na sentensi moja tu mdomoni: inavuta pauni 9,000. Ni kweli, kilo kama 4,080, ikiwa imetoka kiwandani na vifaa vyake vyote vya kuvutia mizigo mizito. Tela langu likijaa lina kilo 2,250. Nikajiona nimebaki na nafasi ya kubeba ng'ombe.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, dereva wa lori, ndiye aliyenitoa usingizini. "Ndugu yangu, hiyo namba ni ya tangazo. Fungua mlango wa dereva usome stika." Nikafungua. Kuna stika ndogo pembeni ya mlango, inaandika uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Yangu inasema kilo 735. Ya Tahoe ilikuwa 700. "Watu na mizigo" maana yake ni kila kitu kinachokandamiza gari, pamoja na shingo ya tela, ile ncha ya mbele inayoungwa na gari, ambayo inatakiwa ikalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima. Ikipungua hapo, tela linaanza kutikisa mkia. Hilo nalijua, nililipata enzi za Tahoe siku niliyopakia viti vyote nyuma ya ekseli kwa uvivu. Karibu na Castle Rock tela likaanza kucheza mdundiko, nikalituliza kwa kubana breki zake peke yake kwa mkono. Kosa langu mwenyewe.

Basi tukaenda kupima. Tela lilipimwa kwenye mizani ya malori, shingo ikaonyesha kilo 270. Chuma cha kuungia chenye mikono ya kugawanya uzito, kilo 40. Wakabaki watu, na hapo ndipo pagumu. Mkwe haulizwi kilo. Nilimtuma mke wangu na mizani ya bafuni, mimi nikaenda kusimama nje na baridi yote ile. Namsikia mama ndani: "Kwani mnaniuza?" Akaelezwa habari za shingo na stika. Kimya kidogo, halafu: "Haya, lakini mtoe na uzito wa kanga zangu." Alipanda akiwa amevaa viatu, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Mke wangu naye hataki namba yake iandikwe, kwa hiyo nitatoa jumla: watu saba, kilo 416. Jumlisha shingo 270 na chuma 40, tunafika 726. Masufuria ambayo siku zote naweka kwenye buti ni kilo 60. Jumla 786. Nilikuwa nimezidisha kilo 51 kwenye gari la kuvuta pauni 9,000, huku tela likiwa zaidi kidogo tu ya nusu ya uwezo wa tangazo. Kwa Tahoe ndio nilikuwa nimezidisha zaidi, miaka yote hiyo, na nilikuwa najisifu kwa uangalifu.

Dawa ilikuwa rahisi. Masufuria yakahamia kwenye tela, mbele kidogo tu ya ekseli, yakaongeza kilo 7 kwenye shingo badala ya 60 kwenye buti. Jumla mpya 733. Nimebakiwa na kilo mbili, chupa moja ya maji ya kunywa.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuchukua Suburban ya Chevrolet au Sequoia ya Toyota. Suburban ya 2021 kuendelea nayo imeachana na ile ekseli nzima ya nyuma, na buti lake ni kubwa kuliko langu. Bei yake ndiyo ilinishinda. Sequoia ya 2023 ni ya haibridi, injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, inavuta hadi pauni 9,520, na mlimani nina hakika ingenipendeza. Lakini betri imewekwa chini ya siti ya tatu na sakafu ya nyuma haiwi sawa hata ukizilaza siti, na mimi masufuria yangu hayajui kupanda ngazi. Tena wao wamefanya kinyume cha wenzao, wamerudi kwenye ekseli nzima nyuma. Kwa mwenye watoto wawili na boti, ningesema aiangalie kwanza hiyo.

Kasoro za hii yangu: haiingii gereji. Mlango unabaki wazi kwa upana wa kiganja, kwa hiyo inalala nje, na asubuhi za Januari nakwangua barafu kwenye vioo saa kumi na mbili. Kwenye maegesho ya kuchukua mboga nafika mwisho kabisa, natembea. Mama mkwe aliomba kigoda cha kupandia hadi tulipogundua kile kikanyagio cha pembeni kinateremka chenyewe ukifungua mlango. Alikuwa anaufungua nusu tu.

Juzi nimerudia kupima watu. Kijana mkubwa ameongezeka kilo tisa tangu kiangazi. Harusi ya Grand Junction ni mwezi ujao, nimeshampigia simu mjomba wake ampakie.