Pentax 67 kwenye dirisha la Cessna: uzoefu wangu

Nimesharuka mara nne na Pentax 67, zote ndani ya ndege ndogo ya Cessna 172. Kamera naipenda, na kwa picha za angani za filamu sitafuti nyingine. Ila lazima ipangwe yote ukiwa bado chini. Juu kuna kelele, upepo na dakika chache tu ndege ikiwa pale unapopataka, kwa hiyo mikono ibaki na kazi mbili: kuvuta filamu na kubonyeza.

Nianze na fokasi. Lenzi yangu ni ya milimita 105. Kabla ya kupanda naielekeza kwenye mnara wa mbali, nahakikisha mnara unaonekana wazi bila ukungu kwenye kitazamio, kisha nazungushia tepu ile pete ya fokasi isisogee tena. Kasi ya shata, yaani muda inaofunguka kuingiza mwanga, naiweka sekunde 1/1000, ya juu kabisa kwa kamera hii, na siigusi. Piga hesabu: ndege ikienda kilomita 130 kwa saa inasogea mita 36 kila sekunde. Kwa 1/1000 imesogea chini ya sentimita 4. Kwa 1/125 ni karibu sentimita 30, na hapo hujahesabu mtetemo wa injini.

Mwanga pia naupima nikiwa chini, maana ukungu wa juu unakidanganya kipima mwanga ukaishia na picha zenye giza. Kwa filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), jua likiwa kali natumia tundu la lenzi la f/11. Asubuhi jua likiwa bado chini nafungua hadi f/5.6. Kina cha fokasi, yaani umbali unaotoka bila ukungu, hakinisumbui, kwani kila kitu kiko mbali.

Dirisha la 172 lina bawaba juu. Mwenye ndege akikubali, skrubu ya kile kimkono kinacholizuia inatolewa kabla ya safari, na mkiwa hewani upepo wenyewe unalinyanyua na kulishikilia chini ya bawa. Usipige kupitia plastiki: mikwaruzo yote itaonekana, na ukiweka kichujio cha polaraiza (cha kupunguza mng'ao) utapata mistari ya rangi za upinde wa mvua. Kikinga jua cha lenzi nakiacha nyumbani, upepo unakivuta. Lenzi yenyewe ibaki ndani ya fremu ya dirisha, na mkanda uwe shingoni muda wote.

Safari ya kwanza niliegemeza kiwiko kwenye fremu ya dirisha nikidhani natuliza kamera. Roli nzima ilitoka na ukungu wa mtetemo, picha zote kumi. Tangu hapo nabana viwiko kifuani, nakaa bila kugusa ukuta wa ndege, na hapo ndipo uzito wa kamera, zaidi ya kilo mbili, unakuwa msaada mkubwa.

Safari ya pili nilipanda na betri kuukuu. Shata ya Pentax 67 inategemea umeme. Betri ilipochoka kioo cha ndani ya kamera kilibaki juu, kitazamio kikawa cheusi tii, na chini yetu mto ulikuwa uking'aa kama bati jipya. Niliumia sana. Sasa naweka betri mpya ya volti 6 kila safari, na nyingine iko mfuko wa shati.

Kubadilisha filamu ndiko kugumu hasa. Roli ya saizi ya 120 inatoa picha kumi tu. Namwomba rubani azunguke taratibu huku dirisha likiwa limefungwa, nakunja mgongo juu ya kamera, nalinganisha mshale wa karatasi iliyo nyuma ya filamu na alama ya kamera, nafunga. Karatasi zilizofungia roli mpya nazichana zote kabla ya kupanda. Filamu mpya mfuko wa kulia wenye zipu, zilizopigwa kushoto. Ile swichi ya kuchagua aina ya roli, 120 au 220, ubavuni nayo ina tepu yake.

Anayetaka picha nyingi kwa saa moja achukue kamera ya milimita 35, apate 36 kwa roli. Mimi nabaki na hasi hizi (negativu) za sentimita 6 kwa 7. Wiki iliyopita niliweka moja kwenye meza ya mwanga nikaisogelea kwa lupu, kile kioo cha kukuzia: ua wa nyumba, kamba ya nguo, na chini ya kila nguo kivuli chake, kimoja kimoja.