Odoo na kanuni zake za kujiendesha: tathmini kutoka Lubumbashi
Katika ghala la vifaa vya ujenzi tunalolihudumia Kampemba, Odoo, programu ya kuendesha shughuli za biashara, imenipendeza zaidi kwa kanuni zake za kujiendesha: oda ikithibitishwa, au tarehe ya malipo ikipita, programu yenyewe humtumia karani ujumbe bila mtu kubonyeza chochote. Jambo la kuzingatia sana ni kichujio cha kabla ya badiliko, yaani sharti la hali ambayo oda ilipaswa kuwa nayo kabla ya kubadilishwa, kwani ukikiacha kitupu, kitendo kinaweza kurudiwa kila oda iliyothibitishwa inapohifadhiwa, hata kama karani amesahihisha maelezo tu. Ukikijaza kwa sharti kwamba oda ilikuwa rasimu, kitendo hufanyika pale tu oda inapotoka kwenye rasimu. Kanuni za muda hutekelezwa na seva, hivyo umeme ukikatika husubiri hadi iwake. Wenye seva dukani wanunue betri ya akiba.