Mapigo ya tano na saba kwa Audacity: kifaa kizuri, lakini sharti ukate na kuunga mwenyewe

Mpiga kinanda wa kanisani, mpiga besi wa bendi ya Kampala au mpiga adungu (kinubi cha Uganda) akiamua kujifunza mapigo ya 5 na 7, yaani muziki unaozunguka kwa mapigo matano au saba, vifaa humkwamisha kabla ya vidole. Metronomu (kifaa cha kupiga kasi) ya mbao ya kuzungusha ufunguo, mfano zile za Wittner, huenda kuanzia 40 hadi 208 kwa dakika, na kengele yake hulia kila baada ya mapigo 2, 3, 4 au 6. Tano haimo, saba haimo. Programu za simu ziko tele, ila baadhi ya zile za bure hukupa saba yenye mkazo kwenye pigo la kwanza tu, halafu sita yanayofanana. Hiyo haikufundishi chochote zaidi ya kuhesabu.

Saba si kitu kimoja. Rachenitsa, dansi ya Bulgaria, ni 2+2+3: fupi, fupi, ndefu. Kalamatianos, dansi ya Ugiriki, ni 3+2+2: ndefu, fupi, fupi. Idadi ni ileile, miguu inakwenda tofauti kabisa. Kinachotakiwa kuingia mwilini ni mgao huo wa fupi na ndefu, na mwanafunzi anahitaji kifaa kinachomruhusu kuusikia.

Ndiyo maana tunaipendekeza Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti iliyotoka mwaka 2000. Ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na ukishaiweka haihitaji intaneti tena, jambo lenye uzito kwa anayenunua bando la siku. Wengi wanayo tayari kwa ajili ya kurekodi kwaya bila kujua kwamba kwenye menyu ya Generate mna Rhythm Track, kitengeneza mapigo.

Ukiifungua ilivyo, nayo ina kasoro ileile: mkazo mmoja mwanzoni mwa baa (mzunguko mmoja wa mapigo). Usiweke 7 kwenye "Beats per bar" ukadhani umemaliza. Tengeneza baa tatu fupi uziunge.

Kwa 2+2+3, weka "Tempo" 140 kote, na ukumbuke kwamba hapa unahesabu mapigo madogo. Kwenye nota ya 7/8 (mapigo saba, kila moja nusu ya robo noti) hiyo ni robo noti ya 70. Baa ya kwanza: mapigo 2, "Number of bars" 1, kimo cha sauti ("MIDI pitch") cha pigo zito 92 na cha jepesi 76. Baa ya pili: mapigo 2, zito 84, jepesi 76. Baa ya tatu: mapigo 3, zito 84, jepesi 76. Programu yenyewe huja na 84 na 80, tofauti ndogo mno kwa spika ya simu. Ukiacha hivyo utasikia mapigo saba yaliyolingana. Ile 92 peke yake ndiyo inayokuambia mzunguko umeanza upya.

Wengi huharibu hapa. Kila ukimaliza kutengeneza kipande, Audacity hukiacha kimechaguliwa, na ukitengeneza kingine papo hapo kipya kinafuta cha zamani. Bonyeza kitufe cha End kwanza ndipo ufungue tena Rhythm Track. Kagua kwa urefu: kwa kasi ya 140, mapigo saba ni sekunde 3 kamili. Ukiona sekunde 2.143 una mapigo matano tu, yaani baa moja ya mbili imefutwa. Rudia kabla hujaendelea.

Urefu ukiwa sawa, chagua vyote kwa Ctrl+A, nenda menyu ya Effect, tafuta Repeat na uandike 99. Namba hiyo ni ya marudio yanayoongezwa, kwa hiyo utapata mizunguko 100, dakika tano. Kwa tano ya mgao wa 3+2, njia ni hiyohiyo na baa mbili tu. Hapo sekunde zitakuwa 2.143, na safari hii ndizo zinazotakiwa.

Kwa nini kazi yote hii? Kwa sababu masikio ya hapa Uganda yamelelewa na mizunguko inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu. Ngoma nyingi za Buganda hukaa juu ya mapigo kumi na mawili, na nyimbo nyingi za amadinda (marimba ya Buganda) huzunguka kwa 24 au 36. Mwili uliozoea hivyo hujaza pengo wenyewe: saba inakuwa nane, tano inakuwa sita, na mpigaji anaapa kwamba yuko sawa. Si upungufu wa kipaji. Kwenye amadinda, omunazi (mpigaji anayeanza) anapiga mfululizo wake na omwawuzi (anayemjibu) anaingiza noti zake katikati, kila moja ndani ya pengo la mwenzake, na kazi hiyo ni ngumu kuliko 7/8 yoyote. Aliyewahi kukaa kwenye marimba hayo ana faida kubwa, maana amezoea kushika mstari wake bila kuegemea pigo la pamoja.

Sasa mazoezi. Usishike ala siku za mwanzo. Piga makofi kwenye mikazo mitatu tu, fupi-fupi-ndefu, mpaka ile ndefu isikushtue. Kisha tamka silabi: ta-ka, ta-ka, ta-ki-ta, kama wafanyavyo wapiga ngoma wa Kusini mwa India. Wapo wanaofundisha kwa maneno ya kawaida, "baba, mama, kitabu", na ni rahisi kukumbuka, lakini Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mdomo utasema ki-TA-bu, na mkazo utaangukia pigo la sita badala ya la tano. Mwanafunzi mwepesi wa sikio atajifunza 2+3+2 bila kujua. Silabi zisizo na maana ni salama zaidi. Kuhesabu "moja, mbili, tatu" hadi saba nako kunachosha haraka: kila namba ina silabi mbili, na kasi ikipanda ulimi unabaki nyuma ya mkono.

Ala ikiingia, anza na noti moja kwenye mikazo, halafu mstari wa besi wa noti tatu, na mwisho ndipo ujaze. Mpiga gitaa anayetumia pik (kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi) achunge mkono wa kulia: mapigo saba ya chini-juu-chini-juu yanamaliza baa kwenye chini, kwa hiyo baa inayofuata inaanzia juu na mikazo yote inageuka. Ama uanze kila baa kwa chini, ama uzoee mizunguko miwili kama kumi na nne. Chagua njia moja ukae nayo.

Halafu kuna jaribio la kimya, na hapa ndipo Audacity inapoiacha metronomu ya kawaida mbali. Chukua mizunguko minne yenye sauti, bonyeza End, kisha kwenye Generate chagua Silence ya sekunde 12, yaani mizunguko minne mingine isiyo na mlio. Chagua yote na urudie mara 11. Utapata karibu dakika tano. Wakati wa kimya endelea kupiga. Mlio ukirudi pamoja na pigo lako la kwanza, saba imeingia. Ukirudi ukiwa katikati kabisa ya mzunguko wako wa nne, umekuwa ukipiga nane: mapigo 28 yamepita na wewe una manne zaidi ya kumaliza. Ukikosea kwa kipande kidogo kisicho pigo zima, mgao uko sawa na shida ni kasi. Makosa haya mawili yana dawa tofauti. La kwanza linakurudisha kwenye makofi. La pili linataka tu kasi ipunguzwe hadi 100, na kimya kiongezwe kuwa sekunde 16.8.

Kasoro zipo. Audacity haina toleo rasmi la simu, hivyo asiye na kompyuta atalazimika kukaa kwenye mgahawa wa intaneti au kuazima, atengeneze faili zake zote kwa mkupuo mmoja na kujitumia kwa WhatsApp. Faili ya WAV ya chaneli moja huchukua takriban MB 26 kwa dakika tano. MP3 ya kbps 128 ni kama MB 5. Tumia MP3 kwa kutuma, lakini usiitegemee kwa kipande kifupi unachokizungusha kwenye simu, kwa sababu huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na kila mzunguko utachelewa. Rudia kwanza ndani ya Audacity, ndipo utoe faili ndefu.

Sauti zake pia si tamu. "Metronome Tick" humezwa mara moja na engalabi (ngoma ndefu ya Buganda). Kwa mazoezi ya kikundi chagua "Cowbell". Kama unajirekodi juu ya mapigo, tumia hedifoni za waya, maana za Bluetooth huchelewesha sauti na rekodi itaonyesha umechelewa hata kama hukuchelewa.

Anayetaka kubadili mgao katikati ya wimbo, 7 kisha 5 kisha 4, anaweza kuunga baa zake kwa njia hiihii, ila zikizidi kumi uchovu utamshinda. Kwa kazi hiyo MuseScore, nayo ya bure, ni bora: andika nota, weka alama ya mapigo kila panapobadilika, na iache ipige.