Mbuzi ya kukunia nazi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwetu mbuzi ni wawili, na sarufi ndiyo inayowatenganisha: mbuzi huyu huchinjwa, mbuzi hii hukuniwa nazi. Yule wa kwanza mtu akitaka kumnunua humtazama meno, akampapasa mgongo, akamnyanyua kidogo kujua uzito wake. Hii ya pili watu huichukua juu juu kama wanaonunua kiberiti, kisha miaka kumi wanalalamika kiuno. Nayo ina meno, nayo ina mgongo. Itazame.

Kila Ramadhani inapobisha hodi shoga zangu huanza kunitumia picha kwenye simu: hii je, hii je? Ni haki yao. Futari ya Unguja haiendi bila ya nazi. Leo tambi, kesho ndizi, keshokutwa muhogo, na wali wa nazi unangojea daku. Nyumba ya watu wanane inakuna nazi mbili tatu kila siku kwa mwezi mzima, na mwenye kukuna kafunga, hana nguvu za kupigana na chuma butu. Basi nimezipanga hapa kwa mujibu wa ninavyoziona mimi, ambaye nimekuwa nikikuna tangu skuli ya msingi, na ambaye nimeshaliwa pesa mara moja. Hiyo nitaieleza chini.

Ya kwanza: ya mbao, ya kukunja, iliyochongwa na fundi

Hii haina mpinzani, na si kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Itazame ilivyo. Mbao mbili zimepitishwa moja ndani ya nyingine zikafanya msalaba. Moja ni kitako na shingo, ya pili ni miguu. Ukiikalia, uzito wako mwenyewe ndio unaoikaza isitikisike. Ukimaliza unaikunja inakuwa bapa, unaitundika ukutani. Haina bawaba wala springi, haina kitu cha kupotea. Aliyeibuni kwanza sijui ni nani, lakini hakuacha cha kupunguza.

Uliza mti. Nilikwenda kwa fundi mmoja upande wa Mwanakwerekwe, mzee, nikamkuta na mbuzi sita zimepangwa kwenye mchanga.

"Ami, shikamoo. Hii mti gani?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo mfenesi. Ile pale mwembe."

"Mbona ya mwembe bei yake ndogo?"

"Nawe ukae nayo siku ndogo."

Mfenesi utaujua kwa rangi: ukiwa mpya ni wa manjano, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyoiva ukawa kahawia. Huo ndio mti uliotumika hata kwenye milango ya Mji Mkongwe, basi kwa kigoda cha jikoni hautakushinda. Msaji ni mzuri pia, ila utaulipia. Mvinje ni mgumu lakini hupasuka, na ufa ukianzia kwenye tundu la parafujo, mbuzi imekwisha. Mwembe mwepesi, unachongeka vizuri, na bungua, wale wadudu wa mbao, wanaupenda kuliko sisi. Geuza mbuzi chini juu: ukiona vitundu kama vya sindano na unga mweupe mweupe, irudishe ilipokuwa.

Sasa chuma. Wengine huita ulimi, na jina hilo linafaa, maana unatoka nje kama ulimi wa ng'ombe na ncha yake imepanuka duara yenye meno. Ulimi bora ninaoujua mimi ni ule uliofuliwa kutoka kwenye bapa la springi ya gari. Ni mnene, haupindi, na meno yake yakiisha yanapigwa tupa yakarudi. Ule wa bati la kukata kwa mkasi utakukunia wiki mbili. Bonyeza kwa dole gumba: ukitikisika, ndivyo utakavyotikisika nazi ikiwa mkononi, na hapo ndipo watu wanapojikata.

Meno yawe madogo, ya karibu karibu, na yazunguke ncha yote, si mbele tu. Meno makubwa yanatoa vipande kama chengachenga za mchele. Unavikamua unapata maji, tui lenyewe linabaki ndani. Meno madogo yanatoa nazi laini inayoshikana ukiifumbata. Hapo tui la kwanza linatoka zito, na lile la pili bado lina sura.

Tazama pia ulimi umefungwa vipi. Misumari, hapana. Uwe na parafujo mbili au nati, ili siku ukiwa butu uufungue uupeleke kwa mhunzi peke yake, mbuzi ibaki nyumbani. Hili ndilo linaloifanya mbuzi ya mbao kuwa rahisi kuliko zote hata ikiwa umeinunua kwa bei ya juu: kila kiungo chake kinabadilika, na anayekibadilisha yuko mtaani kwako.

Kisha ikalie. Usione haya, fundi anayejua kazi yake atakusogezea mwenyewe. Wengi wetu tunakaa upande, miguu pamoja, sinia mbele. Kitako kikiwa chini mno magoti yanapanda kifuani. Kikiwa juu mno unainama, na kiuno hakisahau. Kwa mimi, mtu wa kimo cha kati, shibiri moja na vidole vinne kutoka chini panatosha. Ncha ya ulimi iwe juu ya sinia, isiwe juu ya goti. Pitisha na kanga yako kwenye kingo za ubao: ikinasa, mwambie apige msasa kabla hujatoa pesa.

Na jambo ambalo watu hunicheka nikiwaambia: nenda na nazi. Ivunje nyumbani, funga nusu yake ndani ya kitambaa, ufike nayo. Ami yule aliponiona natoa nusu nazi kwenye mkoba alicheka mpaka akaweka patasi chini, kisha akaniletea sahani. Mizunguko minane tisa inatosha kujua. Ulimi mzuri hauparuzi, unasikia kama mtu anayefagia mchanga. Nazi inaanguka nyeupe, na unapokaribia kifuu mkono wenyewe unahisi ukomo. Ulimi mbaya unaruka, unachimba ile ngozi ya kahawia, na tui lako linakuwa na rangi ya maji ya kufulia.

Nyumbani usiiloweke. Ulimi uoshe, ufute, uanike. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma usiku mmoja. Kukunja si kwa ajili ya nafasi tu: mbuzi iliyoachwa wazi njiani, na mtoto anayejifunza kutembea, ni habari usiyotaka kuisimulia.

Ya pili: ya kusokota, ya kubana mezani

Hizi nyingi zinatoka India, na ni nzuri kuliko sifa zake. Ina kichwa chenye visu vilivyopinda, mkono mmoja unashika nusu ya nazi, wa pili unasokota mpini. Shangazi yangu magoti yamemgomea, kukaa chini hawezi, na hii ndiyo iliyomrudisha jikoni. Kwa mtu kama yeye ningeiweka ya kwanza.

Zipo za aina mbili. Ya kubana kwa skrubu kwenye ukingo wa meza ndiyo ya kununua, ila kwanza pima unene wa meza yako, maana mdomo wake si mpana. Ile yenye kikombe cha mpira cha kunyonya chini, ipite. Inashika kwenye kioo na marumaru. Kwenye sementi au meza ya mbao, ukisokota mara tatu inakufuata mkononi. Na wengi wetu, tuseme ukweli, jikoni hatuna meza hata moja.

Chagua yenye visu vya chuma kisichoshika kutu, uchukue sumaku ya kukijaribu ukitaka, ingawa sumaku haisemi kila kitu. Bora utazame pale visu vilipoungwa na mhimili: hapo ndipo kutu huanzia.

Ya tatu: ya umeme

Mota ndogo, kichwa cha meno kinachozunguka, wewe unashika nazi kwa mikono miwili unaisogeza. Nazi moja inakwisha kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Kwa mama wa vitumbua, kwa mpishi wa harusi, kwa anayeuza kashata, nunua na usifikiri mara mbili. Kwa nyumba ya kawaida nina mashaka.

La kwanza ni vidole. Mota haijui kifuu wala kucha. Hakikisha swichi iko pale mkono unapofika bila ya kunyanyuka. La pili ni kwamba ikiharibika, ulimi wake si wa mhunzi wa mtaani. Uliza vipuri kabla ya kulipa, na usome kibandiko: umeme wetu ni volti 230, zipo zinazoingia za volti 110 na hizo zitakufukia moshi siku ya kwanza.

La tatu wenye umri wangu wanalikumbuka. Disemba 2009 Unguja iliingia gizani mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Miezi mitatu. Nyumba zilizokuwa na mashine zilikuja kwetu kuazima mbuzi ya mama, na mama akawa anaiandikia zamu kwa chaki nyuma ya mlango. Siku hizi hali si ile, lakini ukinunua ya umeme, ya mbao usiigawe.

Zisizo mbuzi

Mashine ya sokoni hununui, unalipa kwa kila nazi unayokuniwa. Kwa kijana anayeishi chumba kimoja ndiyo akili. Ubaya wake ni foleni ya alasiri za Ramadhani, na kwamba nazi ya aliyekutangulia, ikiwa imechacha, inakuachia harufu kwenye yako. Mwombe mwenye mashine akisafishe kichwa kwanza. Akinuna, mwache anune.

Blenda inatoa tui, siwezi kukataa. Lakini lazima uibandue nyama ya nazi kwa kisu, kazi inayokata viganja kuliko kukuna kwenyewe, na ukitaka tui jeupe uimenye ngozi ya kahawia kipande kwa kipande. Mwisho wa hesabu umeokoa dakika ngapi?

Tui la pakiti liwepo kabatini kwa siku mgeni anapoingia ghafla. Soma kibandiko, mengi yana vizito vya kulishikanisha, ndiyo maana halijitengi kama letu. Kwa mchuzi wa pweza sitalitumia.

Ya mwisho kabisa

Ile ya mapambo. Nayo ndiyo iliyonila pesa. Niliinunua duka moja la vitu vya wageni ndani ya Mji Mkongwe, niwe mkweli, kwa sababu ilikuwa nzuri: imechongwa maua ya yungiyungi kitakoni, imepakwa vanishi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kukaa juu ya maua yaliyochongwa hakuna raha, hilo nililijua dakika ya kwanza. Ulimi ulikuwa bati, umepigiliwa misumari miwili myembamba. Siku ya tatu ya Ramadhani ulipinda. Siku ya tano nikaona vipande vya vanishi, vyembamba kama ganda la kitunguu, ndani ya sinia la nazi. Baada ya Idi nikaiweka sebuleni, na kufika Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, chini yake pana unga. Mwembe.

Nakshi si kosa. Nimeona mbuzi za zamani zilizochongwa ubavuni na miguuni, kitako wakakiacha kitupu, kimelainishwa na miaka ya kukaliwa. Aliyechonga zile alijua zitakaliwa.

Ukishanunua mbuzi

Nunua na kifumbu. Kile cha miyaa, majani ya kusukia, kinachosukwa na kinamama wa Pemba na mashamba ya Unguja, ndicho cha kukamulia: unakipotoa, tui linapita, chicha linabaki. Bonyeza mshono wa chini kabla ya kununua, ndio unaoachia mwanzo. Chujio la plastiki linapitisha punje, na hulipotoi. Kitambaa kinafaa, ila kinabaki na harufu ya mafuta hata ukikifua kwa sabuni ya mche. Kifumbu kipya kiloweke usiku kucha, maji ya kwanza yatatoka ya kijani, usishtuke.

Na usingoje mwezi uandame. Mafundi huelemewa kuanzia nusu ya pili ya Shaabani, wakawa wanatoa ulimi ambao tupa haijapita vizuri. Nenda Rajabu, na nusu nazi yako mkobani.